Marehemu Ndani ya Kamera ya Gidioni

Kidole cha Gidioni kilikuwa bado juu ya kitufe. Kwenye kioo cha mgongoni mwa kamera, kioo kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, alikuwa amekaa Eustakia, mke wa Matiasi, anacheka meno yote nje.

Ndiyo, Eustakia huyohuyo. Yule tuliyemzika pamoja mwanzoni kabisa mwa hadithi hii, msomaji wangu, ukaniandikia barua kunilaumu kwamba nimemuua mapema. Haya, nimekurudishia. Sasa kaa vizuri.

Gidioni alitaka kuipita ile picha haraka.

"Iache hapohapo," alisema Matiasi.

Alitamka kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. Wenzake watatu wakamgeukia wakitegemea aanguke. Hakuanguka. Alikuwa na ganzi ileile iliyomwingia Novemba ya 2003, ganzi ya mguu uliolaliwa vibaya, ila hii ilikuwa ya mtu mzima, kutoka utosini hadi kwenye kandambili, na mwaka na miezi minne ilikuwa imepita bila ile michomo ya damu kurudi.

Kwa aliyekosa gazeti wiki jana, tuko Rulenge, ndani ya studio ya Matiasi, Jumamosi mchana, Machi 2005. Gidioni, mpiga picha wa Kaniha kule Biharamulo, ametujia na kamera ya kidijitali aliyoachiwa na mzungu wa shirika moja la kambini aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ni ya kwanza kuonekana mikononi mwa mtu wa kwetu. Ina lenzi mbili, fupi na ndefu, zinazovuliwa na kuvishwa kama viatu. Amewaita wenzake wa kazi waione, na kwa kweli amewaita ili waumie.

Waliokuja ni wawili. Mmoja ni Bukuru, Mrundi, mzee anayeukaribia mwaka wa sitini, mpiga picha za vitambulisho katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, ambaye leo ana kibali cha siku moja mfukoni mwa shati na Alhamisi anapanda lori la kurudi kwao. Wa pili ni Kezia, mjane, mpiga picha za harusi, mwenye ulimi wa wembe. Yeye na Matiasi watafunga ndoa baada ya Pasaka. Tangazo lao limesomwa kanisani Jumapili mbili, na hakuna aliyesimama kuweka pingamizi. La tatu ni kesho.

Sasa unaelewa kwa nini hakuna aliyepumua.

Saa nzima kabla ya hapo walikuwa na furaha ya watoto waliookota mpira. Kezia alikuwa ameigeuza kamera mara sita akitafuta mlango wa kuingizia filamu, akaukosa, akasema kitu kisicho na mdomo kitakula nini. Bukuru aliomba ifyatuliwe tu, ameiweka sikioni, mara tisa, kisha akatikisa kichwa na kusema mlio wake umeshiba. Matiasi aliipima mkononi. Kilo na robo, alisema, kama maharage ya Murusagamba yaliyokauka vizuri. Hilo ndilo neno pekee alilochangia.

Gidioni alipovisha lenzi ndefu, ile ambayo Kezia alikuwa ameshaibatiza mguu wa ndama, walitoka barazani wakapokezana kuchungulia ng'ambo ya bonde. Mzee Bukuru alihesabu matundu kwenye sikio la mbuzi. Kezia alimwona katekista mmoja, Kwaresima hii hii, amekaa nyuma ya mgomba na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Akasema wakiitundika ile kamera kwenye mnara wa kanisa, padri atapumzika, maana hakutakuwa na haja ya kuungama.

Wakabishana pia, kama wapiga picha wanavyobishana popote duniani. Bukuru alidai kitu hiki kitaua kazi. Uzuri wa filamu, alisema, ni kwamba inakwenda Mwanza kusafishwa, mteja anaiona sura yake baada ya wiki mbili, keshasahau alikuwaje. Hapa anaonyeshwa papo hapo na anakana kwamba ni yeye. Gidioni akajibu kwamba hapo ndipo unampiga tena, na tena, bure, mpaka akubaliane na Mungu alivyomuumba.

Basi, katika kuwaonyesha jinsi picha zinavyopekuliwa nyuma, moja baada ya nyingine, za mzungu zilizobaki humo, ndipo tukakutana na Eustakia.

Na hapa lazima nikwambie jambo moja la aibu. Matiasi, aliyepiga picha Rulenge nzima, wabatizwa, maharusi na maiti, hakuwa na picha hata moja ya mke wake. Filamu ilikuwa ya wateja. Kila Eustakia alipojipaka mafuta akasema leo na mimi, alijibiwa zimebaki picha tatu na kuna mtu wa picha ya pasi anakuja. Siku ya mazishi, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikatwa kwenye harusi ya watu wengine, alikokuwa amesimama pembeni ameshika sahani.

Sasa alikuwa katikati, peke yake, amekaa kwenye benchi mnadani Murusagamba.

"Tarehe," alisema Kezia.

Chini kabisa ya kioo palikuwa na namba ndogo za njano. Ishirini na sita, mbili, elfu mbili na tano. Wiki mbili zilizopita.

Gidioni alicheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Bukuru akasema upesi kwamba saa za mashine ni waongo wakubwa, yeye mwenyewe alikuwa na saa ya mkononi iliyokaa mwaka mzima kwenye Jumanne. Kezia alichukua kamera, akamwelekezea Matiasi, akafyatua, akaangalia. Tarehe ya leo. Ilikuwa sawasawa.

Matiasi akaona sura yake kwenye kioo, jicho limekaa kama kifungo cha koti. Hakuitambua mara moja.

"Saa niliirekebisha mimi mwenyewe juzi," alisema Gidioni. "Ilikuwa mbovu. Ilionyesha mwaka mwingine kabisa. Kwa hiyo hiyo ya nyuma si ya kuamini, shemeji. Huenda ilipigwa kabla ya msiba."

Wote wakashusha mabega. Hata mimi ninayeandika nilishusha. Marehemu alipigwa picha akiwa hai, na mtu akiwa hai hupigwa picha, hakuna ajabu. Tangazo la tatu lingesomwa kesho, na maisha yangeendelea.

Kezia pekee ndiye aliyebaki ameinama. Alikuwa amekigundua kitufe cha kukuza, anasogeza picha kwa ncha ya ukucha, kutoka usoni pa Eustakia hadi begani, kutoka begani hadi kifuani. Akaishia hapo.

"Kitenge," alisema.

Kilikuwa cha bluu, kina duara jeupe, na ndani ya duara maandishi ya jubilei ya miaka ishirini na tano ya kwaya ya kanisa lao, elfu moja mia tisa sabini na tisa hadi elfu mbili na nne. Kwetu huku hakuna jubilei bila kitenge chake, na kitenge hakivaliwi kabla ya jubilei yenyewe.

"Marobota yalifika Agosti mwaka jana," alisema Kezia. Sauti yake ilikuwa sawa, kama anasoma orodha. "Nilikata mimi. Vilivyobaki nilivipeleka Murusagamba kwa mkono wangu. Eustakia tulimzika Novemba ya mwaka wa nyuma yake."

Mwanamke huyu angeweza kunyamaza. Hakuna mwanamume hata mmoja mle ndani angekitambua kitenge. Zingatia hilo, msomaji wangu, wiki zijazo utakapotaka kumsema vibaya.

Matiasi alijaribu kushangaa. Alijitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni. Alikumbuka mtumbwi uliopinduka mto Ruvubu na watu saba, na siku sita za kutafuta. Mwili ulipopatikana haukuwa na uso wa kutazamwa, lakini ulikuwa na sweta la kijani alilomnunulia mwenyewe. Alisema ndiye, watu wakaandika ndiye. Sasa alijiuliza alimzika nani, na swali likapita ndani yake kama ng'ombe anavyopita mbele ya duka.

Kitu kimoja tu alikitaka. Picha ile itoke mle ndani iwe karatasi. Aishike, aiweke mbele ya padri leo hiihii, aseme tazama, kabla ya kesho.

Hapo pembeni mwa kioo kikawaka kijitaa chekundu.

Gidioni akasema ni betri, na chaja ameiacha Kaniha. Ikizima, picha zinakwenda wapi? Hakujua. Zinakaa kwenye kadi ndogo, alisema, humu ubavuni kwenye kijimlango, lakini yeye hajawahi kukifungua. Mzungu alimwonyesha mara moja tu, tena wakiwa na haraka. Bukuru akasema kila kitu kinachobeba picha kinaogopa mwanga, na yeye amekwishaona harusi nzima ikiungua kwa sababu ya mtu mmoja aliyefungua mgongo wa kamera uani. Kezia akasema hapa hakuna filamu. Bukuru akamuuliza, mwanangu, una hakika? Kezia hakuwa na hakika.

Wataalamu wanne, miaka zaidi ya sabini ya kazi ukiijumlisha, na hakuna aliyejua kama kadi inaungua.

"Leteni blanketi," alisema Matiasi.

Kila studio ya kwetu inalo. Filamu ikikwama, hukimbilii fundi, unaingiza kamera na mikono chini ya blanketi jeusi, unafumba macho, unaviachia vidole vifanye kazi. Matiasi alikuwa bingwa wa blanketi katika wilaya mbili. Walimletea kamera zilizokwama kutoka Biharamulo, na hakuwahi kuunguza hata picha moja.

Akaingiza mikono. Gidioni akabana pindo upande huu, Bukuru upande ule. Matiasi akafumba macho kama anavyofanya siku zote.

Vidole vikaanza safari. Vikapita lenzi, vikashuka ubavuni, vikatafuta kijimlango. Kilikuwa kigumu. Vikafikiri labda kuna kitufe cha kukifungulia, maana kamera nyingi ndivyo zilivyo. Vikakipata kitufe mgongoni, karibu na kioo. Vikabonyeza.

Kamera ikalia, ti.

Chini ya blanketi kioo kilikuwa kimemuuliza swali. Lakini mtu wa blanketi hasomi. Mtu wa blanketi anasikiliza, na kwa masikio ya Matiasi ule ulikuwa mlio wa kitu kinachokubali kufunguka. Akabonyeza tena.

Ti.

"Imekubali," alisema.

Wakafunua. Kijimlango kilikuwa bado kimefungwa. Gidioni akaitazama kamera, akaitazama tena, akaanza kupekua mbele na nyuma kwa kasi. Palikuwa na picha ya mbuzi. Palikuwa na picha ya Matiasi na macho yake ya vifungo. Palikuwa na gari la maji, na watoto wa Lukole wakikimbia. Kati ya gari la maji na watoto, alipokuwa amekaa Eustakia, hapakuwa na mtu.

"Umeifuta," alisema Gidioni taratibu. "Ndiyo maana ilikuwa inauliza. Umeifuta, kaka."

Kioo kikazima.

Sasa hebu tukae kidogo kwenye ukimya ule, maana ulikuwa na kishawishi ndani yake. Ushahidi umekwenda. Mmoja wao anaondoka Alhamisi, mwingine ni wa Kaniha, na wawili wana ndoa. Gidioni, ambaye si mtu mbaya ila hapendi uzito, ndiye aliyekisema. Alisema wanawake wanafanana, kioo ni kidogo, huenda macho yamewadanganya wote wanne.

"Mimi hayakunidanganya," alisema Kezia. Akamgeukia Matiasi. "Na wewe?"

Matiasi alikuwa anaangalia mikono yake, bingwa wa wilaya mbili, imelala juu ya blanketi kama glavu za mtu mwingine. Alifikiri, nimemfuta. Akangoja neno hilo limuume. Halikuuma.

"Matiasi ndugu yangu," alisema mzee Bukuru.

Alikuwa amesimama. Kofia ameivua.

"Nakusikia, mzee wangu."

"Kamera haikudanganya. Wala kitenge. Niliyedanganya ni mimi."

Kezia akamvutia mzee kiti. Hakukikalia.

Akawakumbusha kwamba siku ya mazishi yeye ndiye aliyepiga picha, maana Matiasi asingeweza kupiga msiba wake mwenyewe. Walipokuwa wanauweka mwili kwenye jeneza, shuka lilivutika, mguu wa kushoto ukatokeza. Yeye alikuwa anachungulia kwenye kitundu cha kamera. Akauona ule mguu, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Akafyatua, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaamua.

"Mguu ule nililala nao miaka ishirini na tisa," alisema. "Uliyemzika ni mke wangu. Mukandayisenga."

Gidioni aliishusha kamera mezani kama vile imekuwa ya moto.

Mzee aliendelea bila kuulizwa, kwa Kiswahili chake cha kambini kinachokwenda polepole. Mukandayisenga alitoka kambini bila kibali, akavuka ule mpaka wa kilomita nne walioambiwa wasiuvuke, kwenda kuangalia kama shamba lao kule Burundi bado lina mtu. Alipanda mtumbwi akiwa na homa, anatetemeka, na mama mmoja asiyemjua akavua sweta lake akamvisha. Lilikuwa la kijani. Yeye Bukuru angesema huyu ni wangu, angeulizwa mke wake alitokaje. Na kambini angemzika ndani ya turubai. Hapa palikuwa na jeneza la mbao, padri, kwaya, na watu mia mbili. Akaona mke wake anapata maziko ambayo yeye asingempa. Akaendelea kupiga picha. Filamu nzima, thelathini na sita.

"Halafu ukaniletea zile picha," alisema Matiasi. "Ukanipa pole."

"Nikakupa pole. Na moyoni nilikuwa naipokea."

Matiasi akatikisa kichwa kukubali. Ilionekana haki. Kila kitu kilionekana haki, na cha mbali.

Kezia ndiye aliyeuliza, kwa sababu mtu mwingine hakuwa na mdomo wa kuulizia. Aliuliza kama anayeuliza njia.

"Na Eustakia, baba?"

Maji yalimtupa ng'ambo, alisema Bukuru. Aliokotwa na wavuvi upande wa Burundi, akaugua wiki nyingi bila kujijua. Alipopata nguvu ya kurudi alisikia njiani kwamba amekwishazikwa. Akafika Murusagamba, akasita, akamtumia salamu mtu mmoja tu anayeingia studio ya mume wake bila kutiliwa shaka. Mtu huyo ni mimi, alisema mzee. Aliniuliza maisha ya mume wake yakoje tangu aondoke. Nami sikuweza kumdanganya, nilikuwa nimekwishadanganya vya kutosha. Nilimwambia siku ya nne baada ya mazishi alifungua studio.

"Kwa hiyo hakuja," alisema Matiasi.

"Hakuja. Anafuma mikeka, anauza mnadani. Kila ninapopata kibali napita. Hajawahi kuniuliza kama umeoa, wala kama umepata mali. Na tangazo lenu amelisikia, watu wa Murusagamba wana masikio. Hata hilo hakuniuliza."

"Anakuuliza nini?"

Mzee aliizungusha kofia yake vidoleni, mzunguko mzima.

"Swali moja, kila mara hilohilo. Matiasi amelia?"

Nje, mtu alipita na baiskeli, kengele ikagonga, ikapotea.

"Na wewe unamjibu nini?"

"Ninamjibu bado. Anasema basi, ngoja. Amesema siku nikimwambia umelia, siku hiyo atafunga mikeka yake arudi kwake. Na nisipomwambia mpaka nimepanda lori, atajua jibu, naye hatawasumbua. Alhamisi asubuhi, kabla ya lori, nitapita kwake kwa mara ya mwisho, ndugu yangu. Nimwambie nini?"

Kwenye kiti alichokivuta kwa ajili ya mzee, Kezia alikuwa ameketi mwenyewe, anatazama mbele, na machozi yanamshuka kimya kimya hadi kidevuni bila kuyafuta.

Matiasi akapitisha kiganja machoni pake, polepole, kutoka jicho la kulia hadi la kushoto. Akakitazama.

Kilikuwa kikavu.